Msimbo wa C uhamapo mfumo: hitilafu huzaliwa wapi na hurekebishwa vipi

LUGHA ya C ni miongoni mwa lugha kongwe za kuandikia programu za kompyuta ambazo hazijastaafu. Ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwaka 1973 kiini cha mfumo wa Unix kilikuwa kimeandikwa upya kwa lugha hiyo.

Zaidi ya nusu karne baadaye, kazi nyingi ambazo mwenye simu au kompyuta hazioni kwa macho bado hufanywa na maktaba za C: kufungua picha, kubana faili, kulinda nywila na kupokea kurasa za intaneti. Maktaba, katika taaluma hii, ni mkusanyiko wa taratibu zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine huziita zinapozihitaji.

Nyingi za maktaba hizo ni huria, yaani msimbo wake uko wazi na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Zlib, iliyotolewa mwaka 1995 na Jean-loup Gailly na Mark Adler, hubana data katika vifaa visivyohesabika. Curl, ambayo Daniel Stenberg wa Uswidi ameiongoza tangu mwaka 1998, imewahi kuendeshwa katika mifumo zaidi ya 100.

Uenezi huo ndio unaozaa tatizo linalojadiliwa hapa. Msimbo uliofanya kazi barabara kwenye mashine ya mwandishi wake hukosea ukipelekwa kwenye mfumo mwingine. Na aghalabu haukosei kwa kelele. Programu hukubali kujengwa, huanza, hujibu maswali kwa miezi kadhaa, kisha siku moja hutoa jibu potovu.

Kisichoandikwa katika kanuni

C ina kanuni sanifu. Zilipitishwa nchini Marekani mwaka 1989, zikakubaliwa kimataifa mwaka uliofuata na zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo. Hata hivyo kanuni hizo ziliacha mambo kadhaa wazi kimakusudi, ili lugha hiyo iweze kukimbia kwa kasi katika mashine ya aina yoyote.

Palipoachwa wazi, kila mfumo ulijiamulia. Mwandishi aliyelelewa katika mfumo mmoja huyaona maamuzi ya mfumo wake kuwa ndiyo sheria ya C, kumbe ni desturi ya nyumbani tu.

Mathalan, kanuni hazisemi iwapo aina ndogo kabisa ya nambari, 'char', inaweza kubeba thamani iliyo chini ya sifuri. Katika Linux inayotumia vichakataji vya Intel inaweza. Katika Linux inayotumia vichakataji vya ARM haiwezi. Apple nayo, ijapokuwa kompyuta zake mpya zinatumia ARM, iliamua kwamba inaweza. Basi hata kuijua aina ya kichakataji hakutoshi.

Athari yake huonekana katika kosa moja maarufu. Utaratibu wa kusoma faili, 'getchar', hurejesha baiti moja baada ya nyingine, na faili inapoisha hurejesha ishara ambayo kwa kawaida ni -1. Mwandishi asiye mwangalifu huihifadhi thamani hiyo katika 'char'. Kwenye ARM ya Linux -1 hugeuka 255, ishara ya mwisho haitambuliwi kamwe, na programu huzunguka bila kikomo.

Mtu angedhani basi kwamba mfumo wa Intel ndio ulio sahihi. Sivyo. Huko, faili yenye baiti ya 255 katikati yake huonekana kuwa imeisha kabla ya wakati. Hitilafu ilikuwepo nyumbani tangu mwanzo. Safari iliifichua tu. Dawa yake ni kubadilisha neno moja: thamani hiyo ihifadhiwe katika 'int', kama kanuni zinavyoagiza.

Tofauti nyingine ipo kati ya Windows na jamii ya Unix. Windows, kwa urithi wa miaka mingi, humalizia kila mstari wa maandishi kwa alama mbili ilhali Unix hutumia moja. Faili ikifunguliwa huko kama maandishi, mfumo hubadilisha alama hizo wenyewe, na baiti yenye thamani ya 26 huchukuliwa kuwa mwisho wa faili.

Maktaba ya kusoma picha iliyoandikwa katika Linux inaweza hivyo kusoma nusu ya picha ikifika Windows, kwa sababu tu 26 ilitokea katikati ya rangi. Marekebisho ni herufi b inayoongezwa wakati wa kufungua faili. Katika Unix herufi hiyo haina athari yoyote, na ndiyo maana waandishi wa huko huisahau.

Upana wa nambari nao umewaadhibu wengi. Mashine zilipohamia biti 64, Linux na jamaa zake waliipanua aina iitwayo 'long' hadi biti 64. Microsoft iliiacha katika biti 32 ili msimbo wa zamani usivunjike. Kwa hivyo programu inayotumia 'long' kuweka urefu wa faili hukwama Windows faili inapopita baiti 2,147,483,647, na inayoitumia kuweka anwani ya kumbukumbu huikata anwani hiyo vipande viwili na kutupa kimoja.

Marekebisho ya kanuni ya mwaka 1999 yalileta majina yanayotaja upana waziwazi, kama 'int64_t'. Lakini kompaila ya Microsoft, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, haikuwa na majina hayo hadi toleo la 2010. Kwa zaidi ya mwongo mmoja, kila maktaba iliyotaka kufika Windows ilibeba orodha yake ya majina mbadala.

Mpangilio wa baiti ni kisa cha kale zaidi. Inasimuliwa kwamba Unix ilipohamishwa kutoka mashine za PDP-11 katika miaka ya 1970, neno UNIX lilijitokeza kama NUXI, kwa kuwa mashine mpya ilizipanga baiti mbili za kila jozi kinyume. Siku hizi vichakataji vingi hutanguliza baiti ndogo, jambo linalowafanya vijana wengi wasahau kuwa kompyuta kubwa za IBM hutanguliza iliyo kubwa.

Kengele iliyolia wakati mbaya

Mifano hiyo yaweza kuonekana ya kitaalamu mno. Tukio la mwaka 2024 laonyesha gharama yake.

Tarehe 1 Julai mwaka huo, kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza kasoro katika OpenSSH, programu huria ambayo wasimamizi wa seva kote ulimwenguni huitumia kuingia katika mashine zao wakiwa mbali. Kampuni hiyo ilikadiria kwamba seva zaidi ya milioni 14 zilizo wazi kwenye intaneti huenda zilikuwa hatarini.

OpenSSH huandikwa kwanza kwa ajili ya OpenBSD, mfumo huria unaosifika kwa kujali usalama. Kazi hiyo kisha hutengenezewa toleo la kuhamishika, ambalo huongezewa herufi p katika nambari yake, ili litumike katika Linux na kwingineko.

Seva hiyo humpa mgeni muda wa kujitambulisha, kwa kawaida sekunde 120. Muda ukiisha, kiini cha mfumo hupiga kengele, yaani hutuma ishara inayoikatiza programu popote ilipofikia. Utaratibu maalumu huiitikia kengele hiyo, huandika katika daftari la matukio kwamba mgeni amechelewa, kisha hufunga mlango.

Shida imo katika neno 'popote'. Programu yaweza kukatizwa ikiwa katikati ya kugawa kumbukumbu ya kompyuta, mfano wa karani aliyeitwa nje akiwa ameandika nusu ya mstari katika leja. Iwapo anayeshika zamu naye ataanza kuandika katika leja iyo hiyo, hesabu zitavurugika. Kwa sababu hiyo kanuni za POSIX, zinazosawazisha mifumo ya jamii ya Unix, hutaja orodha ya taratibu zinazoruhusiwa kuitwa wakati kama huo. Utaratibu wa kuandika matukio, 'syslog', haumo.

Katika OpenBSD hatari hiyo haikuwepo. Tangu mwaka 2001 mfumo huo una 'syslog_r', utaratibu ulioundwa mahsusi ili uitwe bila madhara kengele ikilia. Katika glibc, maktaba ya C iliyomo katika sehemu kubwa ya mifumo ya Linux, 'syslog' yaweza kuomba kumbukumbu, na hapo ndipo leja huvurugika.

Kinachosikitisha ni kuwa jambo hilo lilikuwa limejulikana kwa miaka mingi. Kasoro kama hiyo iliripotiwa mwaka 2006 ikazibwa kwa sharti moja lililoiagiza kompaila isiingize uandishi huo wa matukio isipokuwa katika mifumo inayoumudu kwa usalama. Oktoba 2020, msimbo huo ulipokuwa ukipangwa upya, sharti hilo liliondolewa bila kukusudiwa. Toleo la 8.5p1 lilitoka Machi 2021 na kasoro yake, na pengo likabaki wazi hadi toleo la 9.8p1, lililotolewa siku ile ile ya tangazo.

Kulitumia pengo hilo hakukuwa rahisi. Watafiti walihitaji wastani wa majaribio 10,000 hivi, na saa 6 hadi 8, ili kuingia kwa mamlaka yote katika Linux ya biti 32. Lakini programu ya kushambulia haichoki wala haiombi likizo, na saa 8 kwake ni usiku mmoja.

Yafaa kuzingatiwa kwamba aliyeuondoa mstari ule hakuona chochote kikiharibika. Majaribio yalipita. Mstari ambao faida yake haionekani katika mashine ya anayeuhariri ndio ulio rahisi kuufuta.

Nambari nasibu zilizojirudia

Mradi wa OpenBSD ulikuwa umekutana na jambo linalofanana na hilo miaka kumi kabla. Aprili 2014, baada ya kasoro ya Heartbleed kutangazwa katika maktaba ya OpenSSL, wanachama wa mradi huo waliichukua maktaba hiyo na kuanza kuisafisha chini ya jina LibreSSL. Toleo lake la kwanza la kuhamishika lilitoka Julai mwaka uo huo.

Siku chache baadaye, mtafiti mmoja alionyesha kwamba katika Linux toleo hilo lingeweza kutoa nambari nasibu zilezile mara mbili. Nambari hizo ndizo zinazotengenezewa funguo za siri, hivyo kujirudia kwake ni kama fundi kuuza kufuli mbili zenye ufunguo mmoja.

Sababu yake ni hii. Programu ya Unix inaweza kujigawa ikazaa nakala yake, na nakala hiyo hurithi kumbukumbu yote, ikiwemo hali ya kitoa nambari nasibu. Katika OpenBSD, kiini cha mfumo huweza kuombwa kufuta sehemu hiyo kila nakala inapozaliwa. Linux ya wakati huo haikuwa na huduma hiyo, kwa hivyo toleo la kuhamishika lilijitambua kwa kulinganisha nambari ya mchakato: ikiwa imebadilika, basi hii ni nakala.

Nambari za michakato hata hivyo hutumika tena mwenye nayo anapokufa. Mjukuu akizaliwa babu amekwisha kuondoka, anaweza kupewa nambari ya babu, na maktaba ikadhani hakuna kilichobadilika. LibreSSL ilitoa marekebisho haraka.

Marekebisho ya kudumu yalitoka upande wa pili. Linux 3.17 ya Oktoba 2014 ilileta njia ya moja kwa moja ya kuomba nambari nasibu kutoka kwa kiini, na toleo la 4.14 la Novemba 2017 likaleta huduma ya kufuta kumbukumbu nakala inapozaliwa. Maktaba ilikuwa imejaribu kuigiza kazi ya kiini, na uigizaji huo ulikuwa na mpaka wake.

Kazi ya kurekebisha

Fundi anayeletewa malalamiko ya aina hii huanza kwa kuyaona mwenyewe. Hapo ndipo miradi ya kujitolea hupata tabu, kwani anayetunza maktaba huwa na kompyuta moja au mbili ilhali malalamiko yanatoka kwenye mashine ambayo hajawahi kuigusa.

Programu ya QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huigiza vichakataji vya aina nyingi ndani ya kompyuta ya kawaida. Tena baadhi ya mambo yaweza kujaribiwa nyumbani pasipo mashine ya kigeni: kompaila ya GCC ikipewa agizo la '-funsigned-char' huichukulia 'char' kama ARM ya Linux inavyofanya, na kosa la mwisho wa faili hujitokeza mara moja.

Hatua inayofuata ni kuuliza kanuni zinasema nini, wala si mfumo upi unafanya vipi. Wanaoruka hatua hii hupachika sharti katikati ya msimbo: kama ni Windows fanya hivi, kama ni Solaris fanya vile. Baada ya miaka michache msimbo hujaa masharti ya mifumo ambayo hakuna tena anayeitumia, na hakuna anayethubutu kuyagusa.

Njia bora ni kuuliza kuhusu uwezo badala ya jina la mfumo. Zana ya Autoconf, iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, hujaribu kujenga programu ndogo ndogo ili kujua iwapo utaratibu fulani upo. Nayo yataka uangalifu. Utaratibu wa 'strerror_r', unaotoa maelezo ya makosa, upo katika glibc na katika mifumo mingine, lakini glibc hurejesha anwani ya maandishi ilhali POSIX huagiza nambari. Anayeuliza tu kama upo atajibiwa ndiyo, kisha programu yake ianguke.

Utaratibu usipokuwepo kabisa, maktaba hubeba nakala yake katika folda ya pembeni, ili msimbo mkuu ubaki safi. Mfano mashuhuri ni 'strlcpy', utaratibu wa kunakili maandishi bila kupita mpaka wa nafasi iliyotengwa, ambao OpenBSD iliutoa mwaka 1998. Watunzaji wa glibc waliukataa kwa takribani robo karne na kuukubali katika toleo la Agosti 2023. Katika muda huo wote, miradi mingi ilibeba nakala zake yenyewe.

Mara nyingine mzozo huwa juu ya nani mwenye kosa. Mwaka 2010 watumiaji wa Fedora 14 walisikia sauti za ajabu katika video za Flash. Glibc ilikuwa imeharakisha utaratibu wa kunakili kumbukumbu, 'memcpy', kwa kunakili kuanzia mwisho. Kanuni zinakataza kuutumia utaratibu huo pale sehemu mbili zinapoingiliana, lakini Flash iliutumia hivyo na kwa miaka mingi haikuadhibiwa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alishikilia kwamba mtumiaji hajali kanuni, anajali sauti. Mwaka uliofuata glibc ilipata suluhu ya busara: programu zilizojengwa zamani zipewe tabia ya zamani, mpya zipewe mpya.

Kiraka kikishakamilika kinapaswa kurudishwa kwa wenye maktaba. Kikibaki kwa mrekebishaji, hakuna mwenye ujuzi wa maktaba hiyo atakayekipima. Mwaka 2006 walioiandaa OpenSSL kwa ajili ya Debian, mojawapo ya mifumo mikubwa ya Linux, waliondoa sehemu ya msimbo iliyolalamikiwa na chombo cha kukagua kumbukumbu. Malalamiko yalikwisha. Mei 2008 iligunduliwa kuwa, kwa kuondoa sehemu hiyo, kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni nambari ya mchakato, ambayo ilikuwa na thamani 32,768 tu. Kompyuta ya kawaida ingeweza kuzijaribu zote, na wasimamizi wa seva wakalazimika kutengeneza funguo zao upya.

Saa itakayorudi nyuma

Kazi kubwa zaidi ya aina hii bado inaendelea. Mifumo ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Pale hesabu hiyo inapowekwa katika biti 32, itajaa Januari 19, 2038, saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kitasoma Desemba 1901.

NetBSD ilipanua hesabu hiyo hadi biti 64 katika mashine zake zote mwaka 2012, na OpenBSD ikafuata mwaka 2014. Miradi hiyo hujenga kiini, maktaba na programu kwa pamoja, kwa hivyo iliweza kuvunja ya zamani na kusonga mbele. Linux haina nafasi hiyo, kwani kila sehemu ina wenyewe. Kiini chake kilikuwa tayari kwa mashine za biti 32 mwaka 2020, maktaba ya musl ikabadilika mwaka uo huo, na glibc ikatoa hiari hiyo mwaka 2021.

Kwa nini hiari? Kwa sababu maktaba mbili zinazopeana tarehe lazima zikubaliane upana wake. Moja ikipanuliwa na nyingine ikabaki, ya pili itasoma nusu ya nambari. Debian ililazimika kuzijenga upya maktaba nyingi kwa wakati mmoja, kazi iliyoingia katika toleo lake la 13 la Agosti 2025. Iliiacha nje familia ya zamani ya Intel ya biti 32, ambayo hutumiwa hasa kuendesha programu kuukuu zisizo na msimbo wa kuzijenga upya.

Hata mashine za biti 64 hazikusalimika zote. Katika Linux, faili inayoweka rekodi za walioingia katika kompyuta ilitengewa biti 32 za wakati ili mashine za aina zote mbili ziweze kuisoma. Kupanua aina ya nambari katika msimbo hakurefushi rekodi zilizokwisha kuandikwa, kwa hivyo faili hiyo inabadilishwa na hifadhidata mpya, na kila programu iliyokuwa ikiisoma inafunguliwa na kuandikwa upya sehemu hiyo, moja baada ya nyingine.